Mzima wa Ng'ambo ya Mto Kimya

Wapo watu hutumwa mbali kwa sababu wanajua, na wapo hutumwa kwa sababu hawajui. Seneta Mkamburi Kilelo alitumwa kwa sababu hasemi. Katika orodha ambayo watu fulani wa Nairobi waliichapisha mwaka ule, wakihesabu kila seneta amesimama mara ngapi kuchangia mjadala, yeye alitokea wa arubaini na tatu, mwenye michango saba. Redio ya kwao ikambandika jina, Seneta Bubu, na watu wakalicheka hilo jina hadi sokoni. Kaunti yenyewe hatuitaji hapa. Wenyewe wanajijua, na hawapendi kuchokozwa.

Basi kamati ikakaa, ikaamua aende ziara ya mafunzo katika nchi ya Nenoni, ambako, walisema, hata mtoto anyonyaye ana hoja ya nidhamu. Namna alivyofika si hadithi. Aliyewahi kusafiri kwa kazi ya serikali anajua kwamba ukishasaini karatasi za kutosha, unafika.

Jambo la kwanza alilofunzwa huko ni ile sheria iliyozaa sheria nyingine zote: lililosemwa katika Baraza limetendeka. Mjumbe akisimama akataka kisima, Karani Mkuu hukiandika kisima katika Kitabu, na wino ukishakauka kisima kipo. Atakayelalamika baada ya hapo kwamba ana kiu ameitukana nchi, na huitwa ajieleze. Seneta aliuliza kama watu hawafi kwa kiu. Alijibiwa kwa adabu kwamba swali hilo lilishachangiwa mwaka juzi, na jibu lilikuwa hapana.

Siku ya pili alipelekwa kuiona Hospitali Kuu ya ghorofa saba. Ilikuwa kiwanja kitupu cha mbigili, chenye lango na askari. Ofisa wa idara alimsihi aangalie ngazi, zinateleza, naye Seneta akainua mguu, kisha akaona haya, akaushusha. Mbuzi watatu walikuwa wanakula majani penye wodi ya wazazi, na askari alimwomba mchungaji wao asipige mluzi, wagonjwa wamelala. Seneta alitafuta mtu mmoja wa kutazamana naye ili wacheke kimoyomoyo. Hakumpata.

Jengo la Baraza lilikuwepo kweli, kwa kuwa lilijengwa kabla ya sheria ile. Nje yake umesimama ubao mrefu wenye majina ya wajumbe, kila mmoja na idadi ya michango yake, na kila jioni karani mdogo hupanda ngazi kuzirekebisha. Siku ile Baraza lilikuwa linajadili mvua. Wajumbe watatu walikuwa wameiomba kwa nyakati tofauti, na ikawa mvutano kama inyeshe mara tatu au mara moja, na kama ni mara tatu, waliokumbwa na mafuriko watapewa nini. Jua nje lilikuwa la kuchoma kisogo. Mbele ya Seneta alikaa mjumbe mmoja kijana aliyekuwa akiwasikiliza wenzake kwa makini, kiganja shavuni, na mara mbili Mshika Kengele alimkumbusha kwamba kusikiliza, kwa mujibu wa kanuni, ni aina ya utoro.

Mtu aliyepewa kazi ya kumfunza mgeni alikuwa Mheshimiwa Vuai, jina la kwanza ubaoni, mwenye michango elfu nne mia moja na kumi na miwili. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sauti nzuri kuliko sura yake. Kila aliposimama alianza vilevile: "Kabla sijachangia, namwamkia mama yangu mzazi, Bi Sikudhani, mzima wa afya ng'ambo ya Mto Kimya." Akina mama waliokaa sehemu ya wageni hupangusa macho kila wanapoyasikia maneno hayo, na redio huyapeleka nchi nzima. Seneta naye alijikuta anapangusa. Mama yake mwenyewe alimzika miaka mingi iliyopita, na sauti ya mwanamume mzima ikimtaja mama yake hadharani ilimgusa pasipo na kinga.

Kwa siku tatu Vuai alimfundisha kazi. Alimwonyesha jinsi ya kuunga mkono hoja ambayo hujaisikia, jinsi ya kumshukuru aliyetangulia kwa dakika mbili huku ukitafuta la kusema, na jinsi ya kusema "kwa kumalizia" mapema ili watu wakuvumilie. Alifundisha vizuri, bila majivuno. Lakini chakula cha mchana hakukigusa hata siku moja. Wenzake wakienda kula, yeye alipanda kwenye kibaraza cha juu, akasimama akitazama upande mmoja tu. Siku ya nne Seneta alimfuata.

Kutoka pale unauona mto, mpana na wa rangi ya chai, na ng'ambo yake vilima vya kijani. Vuai alisema kule ndiko kwao. Alikuwa hajakanyaga huko miaka tisa. Mwaka wake wa kwanza barazani aliomba daraja, na aliliomba kwa saa mbili, kwa maneno ambayo watoto bado wanafundishwa shuleni. Kesho yake pantoni ya kuvushia watu iliondolewa, kwani pantoni ya nini penye daraja? Mbao zake zikarandwa, zikafanywa viti vya Baraza.

"Ndivyo hivi ninavyokalia kila siku," alisema.

Palikuwepo mahali pa kuvukia, mwendo wa nusu siku upande wa juu wa mto, pasipo na kina. Ng'ombe walipita pale kwa ruhusa, kwa kuwa ng'ombe hawezi kuelezwa habari ya daraja. Binadamu aliyekamatwa pale alihesabiwa kuwa amelikataa daraja, na mjumbe aliyelileta daraja lenyewe angesemaje? Kwa hiyo alingoja. "Aliniweza mtu yule kijana niliyekuwa," alisema, akacheka bila kufungua kinywa.

Hamu ya kwao ilikuwa imemla hadi kwenye mifupa. Alieleza jinsi mama yake anavyochemsha viazi vitamu kwa majani ya mgomba juu yake, na jinsi anavyoita: jina mara mbili, mara ya kwanza kwa ukali na ya pili kwa upole, kana kwamba amejuta. Alieleza kwamba asubuhi, kabla joto halijapanda, kutoka kibarazani pale huonekana moshi wa majiko ya kijiji, na wa kwao ni wa tatu kutoka penye kilele cha kilima. Miaka tisa aliuamkia moshi ule kabla ya kuingia barazani. Sasa ulikuwa na miezi miwili haupandi.

Seneta aliuliza kama hakuna wa kumuuliza. Wapo, alisema. Wachungaji huvuka na ng'ombe wao kwa kujificha, na tarishi mmoja pia. Amewauliza wote. Wote humjibu neno lilelile, na macho wakiyaelekeza chini: ni mzima, Mheshimiwa, umesema mwenyewe. Kwani imo katika Kitabu kwamba Bi Sikudhani ni mzima, tena imo mara elfu nne mia moja na kumi na mbili. Nani atathubutu kuleta habari nyingine?

"Wewe ni mgeni, dada," alisema. Hakuwa amemwita hivyo kabla. "Hukuapishwa kwa Kitabu. Macho yako ni yako. Nakuomba uende ukamwone, uje uniambie ulichokiona. Hata kama ni kaburi."

Seneta alivuka keshoye na kundi la ng'ombe, viatu mkononi, maji kiunoni. Katikati ya mto ukamjia akilini mchango wake mmoja katika ile saba. Alipewa karatasi na watu wa wizara, akasimama akaisoma: hali ya ukame katika kaunti yangu imedhibitiwa. Mjadala ukasonga mbele. Wiki ile hakwenda nyumbani, wala iliyofuata. Mchungaji alimwambia ashike mkia wa ng'ombe, hapo pana utelezi, akaushika.

Nyumba aliiona upesi, ya tatu kutoka kilimani. Majirani wawili waliokuwa uani walisimama walipomwona, wakasema kwa pamoja kwamba Bi Sikudhani ni mzima. Kisha mmoja, mwanamke mnene mwenye kanga ya kuchakaa, akaongeza kwa sauti ndogo kwamba ni mzima ila hali chakula, na ni mzima ila hainuki, na usiku ni mzima ila hupiga kelele za maumivu. Alipokwisha kusema hayo akatazama nyuma, kuona nani amesikia.

Ndani, mwanamke mzee alilala juu ya kitanda cha kamba, mwili umekwisha, macho yakiwa hai. Seneta alimwamkia, akaitikiwa vizuri, jirani akamvutia kigoda. Kando ya mto wa kulalia ilikuwepo redio ndogo. Mlangoni alikuja kusimama muuguzi wa zahanati, Mashavu, msichana wa miaka ishirini na kitu, naye ndiye aliyeeleza mambo yalivyo. Kabati la dawa analo, na dawa anayo. Lakini kila atoapo dawa ni lazima aandike jina la mgonjwa, na jina likiandikwa hulinganishwa na Kitabu. Mara ya kwanza aliandika Bi Sikudhani, mgonjwa. Kesho yake walikuja watu wawili wakampa onyo, na dawa wakairudisha kabatini wao wenyewe. Wiki ile ile Mheshimiwa alimwamkia mama yake mara kumi na moja. Mashavu alilia alipofika hapo. Alisema kila akisikia ile salamu hutamani kuivunja redio.

"Usiivunje," mama alisema kutoka kitandani. "Ni yeye."

Akamuuliza Seneta kama mwanawe amekonda. Amekonda, Seneta alisema. Mama akaipima habari hiyo. Alisema anajua mwanawe anamtaja kwa mapenzi, hana shaka, hakumzaa mtu mbaya. Kila asubuhi huitikia, ingawa anajua itikio haliendi popote. Na anajua akinyamaza kumtaja, watu watasema amemsahau mama yake, na hilo nalo hataki. Alifumba macho, Seneta akadhani amelala.

"Mwambie," alisema, "nimechoka kuwa mzima."

Vuai aliyapokea maneno hayo kibarazani, amesimama. Seneta alimweleza yote, hakupunguza, maana ndicho alichoombwa. Alimweleza na habari ya kabati la dawa. Mtu yule alishika ukingo kwa mikono yote miwili.

Kisha akaanza kutafuta njia. Alikwenda kwa Karani Mkuu, Seneta nyuma yake, akauliza kama anaweza kuchangia tena, safari hii amwombee mama yake daktari. Karani Mkuu, mzee msafi mwenye miwani ya uzi, alifungua Kitabu akasikitika kwa dhati. Daktari haombewi mzima. Je, akiacha tu kumtaja? Kuacha hakufuti, Karani alisema, ya nyuma yamekwisha kukauka. Basi afute salamu peke yake, abakishe michango. Karani alivua miwani. Alisema maneno ya mjumbe ni uzi mmoja: likikanwa moja, yote yamefumuka, na anayefumua hupoteza kiti siku hiyohiyo, na nyumba, na jina ubaoni. Tena wiki ijayo, alikumbusha kwa upole, ndiyo wiki ya kukabidhiwa nishani ya Ulimi wa Taifa, na joho limeshashonwa.

Usiseme Vuai hakuyumba. Aliyumba siku mbili nzima. Alimwambia Seneta kwamba daraja likifutwa watu wa ng'ambo watasema aliwadanganya miaka tisa, na watakuwa na haki. Alisema pengine mama atapata nafuu mwenyewe, wazee wa kwao wana mizizi migumu. Alisema tena mambo mengine mengi, yaliyopangwa vizuri, na Seneta akatambua kwamba alikuwa anachangia. Hakumjibu. Alikuwa ameanza kuona faida ya michango saba.

Siku ya tatu Vuai alisimama barazani. Kengele ikalia, akina mama wa sehemu ya wageni wakatayarisha ncha za kanga.

"Mama yangu ni mgonjwa," alisema. "Alikuwa mgonjwa kila nilipowaambia ni mzima, na mimi sikujua kwa sababu sikwenda kumwona. Daraja halipo. Sina la kuongeza."

Akaketi. Katika miaka yote tisa hakuwahi kusema machache namna ile. Karani Mkuu aliinua kalamu, akaishusha. Kisha mjadala ukalipuka, lakini haukuwa juu ya mama wala mto. Mjumbe mmoja aliuliza: ikiwa maneno yote ya Mheshimiwa Vuai yamefutwa, basi kiapo chake nacho kimefutwa, na kama hakuapa hakuwa mjumbe, na kama hakuwa mjumbe, ni nani huyu aliyefuta? Hoja hiyo ilisifiwa sana. Waliichangia watu ishirini na sita, na iliamuliwa kwamba yamefutika, kwa sababu tu chakula kilikuwa kinapoa. Mjumbe kijana aliyependa kusikiliza ndiye pekee aliyeondoka kitini mwake, akaja akampa Vuai mkono.

Jioni karani mdogo alipanda ngazi akalifuta jina la kwanza. La pili likapanda nafasi yake, na keshoye mwenye jina hilo alianza mchango wake kwa kumwamkia mama yake mzazi, mzima wa afya.

Walivuka mto wawili wao, Seneta na mtu ambaye sasa hakuwa na cheo cha kuitwa. Askari wa pale juu aliwaona, akageukia upande mwingine. Kama daraja halipo, hakuna lililokataliwa. Vuai alitembea majini kama mtu anayechelewa, akaanguka mara moja, akainuka bila kujipangusa. Ng'ambo watu walikuwa wamekusanyika, nao hawakumzomea wala hawakumshangilia. Wakampisha njia.

Mashavu alikuwa ametoka ndani na kisanduku chake cha dawa. Tangu redio iliposema, alikuwa amempa mama dawa ya maumivu, na usiku wa kwanza amelala. Alimvuta Vuai pembeni, Seneta akasikia. Dawa ya ugonjwa wenyewe ilipaswa kuanza mwaka juzi. Sasa kilichobaki ni kumtuliza. Aliitaja idadi ya siku, na haikuwa kubwa.

Chumbani walikuwa wamemwekea kiti kirefu cha mgeni, karibu na mlango, na majirani wamejipanga ukutani, kwa sababu mtu mkubwa akija huhutubia. Alikipita kiti akaketi chini, kichwa chake kikawa sawa na cha mama yake. Mama alimpapasa uso, kidevu, sikio, akakuta nguo zimelowa.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado, mama."

"Utakula. Niambie kwanza jambo moja, hawa wote wananizungusha." Alipumua. "Nitapona?"

Majirani wakatazama chini kwa mazoea. Mashavu akashika mlango. Seneta alimtazama yule mtu, na alijua kwamba alikuwa na maneno mengi mazuri ya kujibia swali hilo. Ni yeye aliyemfundisha Seneta jinsi ya kuyapanga, na mama mgonjwa angeyapokea kwa shukrani kama alivyoyapokea miaka yote.

"Hapana, mama," Vuai alisema. "Huponi."

Mama aliitikia kwa kichwa, taratibu. Uso wake ulilegea, kama wa mtu aliyeshushiwa mzigo na jirani njiani.

"Ahsante," alisema. "Basi sogea. Tuna mengi, na watu hawa wana kazi zao."

Wakatoka wote. Seneta alikaa uani na Mashavu, juu ya jiwe, wakimenya viazi kwa ajili ya mwenye njaa aliyemo ndani. Kupitia dirishani zilisikika sauti mbili, ya mama na ya mwanawe, mara zikicheka, mara zikikatika. Yeye ambaye kazi yake ilikuwa bungeni, ambako kila pumzi huandikwa, hakuyanasa maneno na hakujaribu. Moto ulipokolea, moshi ulipanda moja kwa moja juu ya paa, na kule ndani walikuwa bado wanazungumza.